Faini za kelele haziokoi masikio yako: Jifunze kuchagua kizibo

Kila mara Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) linapotangaza kutoza faini au kufungia baa na kumbi za starehe kwa sababu ya kelele, mjadala huwa uleule. Majirani wanashangilia kwamba sasa watalala. Wenye baa wanalalamika kwamba biashara yao inauawa. Wengine wanauliza mbona nyumba za ibada nazo haziguswi. Baada ya wiki chache muziki unarudi, na mjadala unalala hadi operesheni nyingine.

Katika mabishano hayo yote, kuna watu ambao hawatajwi kabisa. Ni mhudumu anayezunguka na trei mbele ya spika kuanzia saa 2 usiku hadi saa 8 usiku. Ni DJ, mlinzi wa mlangoni, mpiga picha wa harusi, na kijana anayecheza singeli akiwa ameegemea spika kwenye kigodoro. Ukitoka kwenye starehe utamkuta kijana wa mashine ya kusaga, seremala wa randa la umeme, na fundi vyuma wa Gerezani anayegonga bati kutwa nzima. Jirani anasumbuliwa na kelele iliyokwisha kupungua kwa umbali na kuta. Hawa wanaipokea ikiwa mbichi.

Operesheni nyingi huanza na malalamiko ya mtu aliye nje. Ni haki yake, na kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo kwa ajili hiyo. Lakini faini haimrudishii usikivu mtu aliyekuwa ndani. Kwa hiyo wiki hii tuzungumze na wewe uliye ndani ya kelele, kwa hiari yako au kwa sababu ndiyo kazi inayokupa mkate. Tuzungumzie kifaa kidogo cha bei ndogo ambacho wengi hawajawahi kukishika: kizibo cha masikio.

Tusijidanganye mapema. Kizibo kibaya, au kizuri kilichovaliwa vibaya, ni sawa na kutokuwa nacho. Mbaya zaidi, kinakupa ujasiri wa kukaa karibu na spika.

Kelele inaharibu nini?

Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojikunja kama konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo vidogo sana, takriban 15,000 katika kila sikio. Kazi yake ni kubadili mtikisiko wa sauti kuwa ishara inayosafiri kwenda kwenye ubongo. Binadamu huzaliwa nazo, na zikifa haziote tena. Hakuna dawa ya hospitali wala ya mitishamba inayozirudisha.

Fikiria nyasi za uwanjani. Watu wakipita mara moja, hulala kisha huinuka. Wakipita kila siku mahali palepale, baada ya muda inabaki njia ya vumbi. Ndivyo ilivyo kwa vinyweleo hivi. Ukitoka ukumbini masikio yakiwa yameziba, au yakilia kama nyenje, hiyo ni dalili kwamba nyasi zimelazwa. Kesho yake unasikia vizuri, unadhani yamekwisha. Lakini tafiti kwa wanyama zimeonyesha kwamba hata kipimo cha usikivu kikirudi kawaida, mishipa ya fahamu inayopeleka ishara kwenye ubongo inaweza kubaki imeumia.

Uharibifu huanzia kwenye sauti nyembamba, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Utaendelea kuisikia injini ya lori na ngoma ya besi, lakini herufi kama s, f, sh na th zitaanza kupotea. Utasikia mtu anaongea, ila hutajua kama amesema "fika" au "shika", "thamani" au "samani". Utaanza kulaumu watu kwamba wananong'ona. Nyumbani watasema huwasikilizi au unajifanya. Mzee wa miaka 70 akiwa hivyo watu huelewa, lakini kijana wa miaka 30 huitwa mwenye dharau.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya dunia kuhusu usikivu iliyotolewa Machi 2021, lilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba kufikia mwaka 2050 idadi hiyo inaweza kukaribia bilioni 2.5. Sababu ni nyingi, zikiwemo umri, magonjwa ya utotoni, usaha masikioni na baadhi ya dawa. Lakini upungufu unaotokana na kelele una tofauti moja kubwa: unazuilika.

Utajuaje kwamba kelele imezidi?

Sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakiendi kama kilo za sukari. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa mara mbili, na muda salama wa kukaa hapo hupungua kwa nusu.

Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini (NIOSH) inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Fuata hesabu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, desibeli 94 ni saa 1, desibeli 97 ni dakika 30, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Kwa jirani zetu wa Kenya, kanuni za mwaka 2005 kuhusu kelele katika sehemu za kazi zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Kikomo hicho kiko juu ya ushauri wa NIOSH, kwa hiyo usidhani kwamba kilichoruhusiwa na sheria ndicho sikio lako linachokivumilia.

Huna kipimo? Tumia mkono wako. Simama na mwenzako umbali wa urefu wa mkono mmoja. Ikibidi upaze sauti ndipo akusikie, kelele ya hapo huenda imefika desibeli 85 au zaidi. Ikibidi umpigie kelele sikioni, hapo muda wako salama unahesabiwa kwa dakika. Programu za kupima sauti kwenye simu zinaweza kukupa picha, lakini simu hutofautiana, kwa hiyo zichukulie kama makadirio.

Viwanja vya mpira navyo visisahaulike, hasa kipindi hiki ambacho Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa jukumu la kuandaa AFCON 2027. Watafiti wa Afrika Kusini waliwapima watazamaji kwenye mechi iliyojaa vuvuzela kabla ya Kombe la Dunia la 2010, wakakuta wastani wa takriban desibeli 100. Ukirudi kwenye hesabu ya hapo juu, muda salama unaisha kabla ya kipindi cha kwanza kufika nusu.

Je, vizibo vinasaidia kweli?

Septemba 2015, watafiti wa Uholanzi walichukua watu 51 waliokuwa wanakwenda kwenye tamasha la muziki la uwanja wa wazi mjini Amsterdam. Waliwagawa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa vizibo, nusu wakaenda hivihivi. Tamasha lilidumu kwa muda wa saa 4 na dakika 30, kwenye wastani wa desibeli 100. Walipopimwa baada ya hapo, katika kundi lisilo na vizibo asilimia 42 ya masikio yalikuwa yamepungukiwa usikivu kwa muda. Kwenye kundi lenye vizibo ilikuwa asilimia 8. Waliopata mlio masikioni walikuwa asilimia 40 kwa wasiovaa, na asilimia 12 kwa waliovaa.

Angalia kwamba hata kwa waliovaa haikuwa sifuri. Kizibo hupunguza hatari, hakiifuti. Ndiyo maana uchaguzi na uvaaji ni muhimu kuliko chapa iliyoandikwa kwenye pakiti.

Aina tatu utakazokutana nazo

Ya kwanza ni vizibo vya sponji. Ni laini, mara nyingi vina rangi ya njano au ya chungwa, na hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini na baadhi ya maduka ya dawa. Unavisokota vinakuwa vyembamba, unaviingiza, vinavimba na kujaza tundu la sikio. Vikikaa vizuri vinakinga sana, na bei yake ni ndogo. Kasoro yake ni mbili: vinahitaji ufundi wa kuingiza, na vinakata zaidi sauti nyembamba kuliko nzito, kwa hiyo muziki na maneno husikika kama vimefunikwa blanketi.

Ya pili ni vizibo vya mpira laini au silikoni vyenye ngazi mbili au tatu kama mwavuli mdogo. Havisokotwi, unasukuma tu. Vinaoshwa kwa maji na sabuni na kutumika tena. Vinamfaa mtu ambaye mikono yake ina grisi, unga au rangi, kwa kuwa vina kishikio na huhitaji kugusa ile sehemu inayoingia. Lakini tundu la sikio halilingani kwa kila mtu. Ukubwa uliomkaa rafiki yako unaweza kukupwaya.

Ya tatu ni vizibo vya wanamuziki. Ndani yake mna kichujio kinachopunguza sauti nyembamba na nzito kwa kiwango kinachokaribiana. Muziki unabaki muziki, ila chini zaidi. Vipo vya kununuliwa tayari, na vipo vinavyotengenezwa kwa kuchukua umbo la sikio lako. Ni ghali kuliko sponji, lakini kwa DJ, mpiga gitaa, mwalimu wa kwaya na fundi mitambo, hii ni zana ya kazi kama ilivyo maikrofoni.

Nje ya vizibo kuna vifunika masikio, vile vinavyofanana na hedifoni kubwa. Hivi hufunika sikio zima. Ni rahisi kuvaa na kuvua, vinawafaa watu wa mashine wanaoingia na kutoka kwenye kelele. Vina joto, na miwani au kilemba kinachopita chini yake hufungua mwanya. Kwa kelele kali sana unaweza kuvaa kizibo na juu yake kifunika. Usijumlishe kinga za vyote viwili, kwani kifaa cha pili huongeza takriban desibeli 5 tu juu ya kile chenye nguvu zaidi.

Namba ya pakiti na ukweli wake

Pakiti nyingi zina namba. Za Marekani huandikwa herufi NRR, za Ulaya huandikwa SNR. Ukiona NRR 30, muuzaji atakwambia kinapunguza desibeli 30. Namba hiyo ilipatikana maabara, kizibo kikiwa kimeingizwa kwa umakini. Wewe unakivaa gizani, ukikimbilia zamu.

Njia inayotumika sana Marekani ni hii: toa 7 kwenye NRR, kisha gawanya kwa 2. Kwa NRR 30 unabaki na kama 11 au 12. Waingereza nao hushauri kupunguza desibeli 4 kwenye kinga iliyoandikwa, kwa sababu hiyohiyo ya uvaaji wa maisha halisi.

Turudi kwa mhudumu wetu. Tuseme ukumbi una desibeli 100 na zamu yake ni ya saa 6. Bila kinga, muda wake salama ni dakika 15. Akivaa kizibo cha NRR 30 kwa uvaaji wa kawaida wa watu wengi, sikio linapokea kama desibeli 88, na muda salama unafika saa 4. Ni nafuu kubwa, lakini bado zamu imezidi. Akijifunza kukiingiza vizuri, kinga hupanda na zamu nzima inaweza kuingia ndani ya mpaka. Pakiti ni ileile, tofauti imeletwa na vidole vyake.

Usikimbilie namba kubwa kuliko zote. Ukizuia sauti kupita kiasi hutasikia mteja, honi, wala mwenzako anayekuonya kwamba mkanda wa mashine umekatika. Utakivua. Lengo ni sauti inayofika sikioni iwe kati ya desibeli 70 na 80. Kwa karakana yenye desibeli 90, kinga halisi ya desibeli 10 hadi 15 inatosha.

Na hapa kuna hesabu ambayo wengi hawaiamini. Chukua kizibo kinachokinga kikweli desibeli 30. Ukikivaa saa zote 8 za kazi, unapata 30. Ukikivua kwa dakika 30 tu ndani ya kelele hiyohiyo, ili upige soga au uongee na simu, kinga yako ya siku nzima inashuka hadi kama 12. Zile dakika 30 zinaingiza nguvu ya sauti nyingi kuliko saa 7 na nusu zilizobaki zikijumlishwa. Kwa hiyo kizibo cha kinga ya wastani kinachokukaa vizuri hadi ukakisahau ni bora kuliko chenye namba kubwa unachokivua kila mara. Ukitaka kuongea, toka nje kwanza, ndipo uvue.

Namna ya kuingiza kizibo cha sponji

Nawa mikono na uikaushe. Kisokote kizibo kwa vidole polepole hadi kiwe chembamba kama kijiti, kisiwe na makunyanzi. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, ushike sikio unalotaka kuziba, ulivute juu na nyuma kidogo. Kufanya hivyo kunanyoosha njia ya sikio. Ingiza kizibo, kisha kishikilie kwa ncha ya kidole kwa sekunde 20 hadi 30 kikivimba. Rudia upande wa pili.

Sasa kijaribu ukiwa kwenye kelele. Funika masikio yote mawili kwa viganja, kisha ondoa. Ukiona tofauti ni ndogo, kizibo kimekaa. Ukiona viganja vimepunguza kelele sana, kizibo kinavuja, kitoe uanze upya. Dalili nyingine ni sauti yako mwenyewe: kizibo kikiwa kimeziba, utajisikia ukiongea kama uko ndani ya pipa. Jitazame pia kwenye kioo. Sponji iliyochomoza nje kwa sehemu kubwa haijaingia.

Kukitoa, kizungushe taratibu ukivuta. Usikichomoe ghafla, kwani mvutano wa hewa unaweza kuliumiza sikio. Sponji iliyochafuka, iliyokakamaa au isiyovimba tena, itupe. Usiazimane vizibo, kama usivyoazimana mswaki.

Usidanganywe na mbadala

Pamba ya dukani haizibi sauti kwa kiwango cha kukukinga, na tishu iliyokunjwa ni hivyohivyo. Unahisi sikio limejaa ukadhani umekingwa, kumbe kelele inapita. Vipande vyake pia vinaweza kubaki ndani na kukupeleka hospitali.

Earphone za simu nazo si kinga. Kijana wa mashine ya kusaga anayeweka muziki ili asisikie mashine anaongeza kelele juu ya kelele, kwa sababu lazima auzidishe muziki hadi uishinde mashine. Hata zile zinazotangazwa kuzima kelele za nje hazikuundwa kuwa vifaa vya kinga kazini, isipokuwa pakiti ionyeshe zimepimwa kwa kazi hiyo.

Kuna wasiopaswa kujizibia kabla ya kumuona daktari: mwenye usaha sikioni, mwenye maumivu, mwenye ngoma ya sikio iliyotoboka, au aliyefanyiwa upasuaji wa sikio. Mwenye nta nyingi asiichokonoe kwa kijiti cha pamba ili kizibo kiingie, maana ataisukuma ndani zaidi.

Watoto wadogo wasipewe vizibo. Njia yao ya sikio ni nyembamba, na sponji hiyo ni rahisi kumezwa. Mtoto anafaa kifunika masikio cha saizi yake, na kinga bora kuliko hiyo ni kumwondoa mbele ya spika. Kwenye harusi na vigodoro vyetu utaona mtoto mchanga amelala mgongoni mwa mama, mita mbili kutoka kwenye spika, na watu wanasifia kwamba "mtoto huyu hasumbuliwi na muziki". Kulala kwake hakumaanishi kwamba sikio halipokei.

Nani anunue kizibo?

Swali hili ndilo linalotakiwa kuingizwa kwenye mjadala wa kelele. Kwa mtu aliyekwenda kustarehe, jibu ni rahisi: jinunulie, weka kwenye pochi kama unavyoweka leso. Kwa aliye kazini, jibu ni tofauti. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga na kumpima afya. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndio wasimamizi. Tumezoea kuliona sharti hilo kwenye viwanda vikubwa na migodi. Baa, ukumbi wa harusi na banda la kusaga navyo ni mahali pa kazi.

Wengine wamekwisha kwenda mbali zaidi. Mwaka 2017 Ufaransa ilitoa amri inayoweka kikomo cha wastani wa desibeli 102 kwa dakika 15 kwenye maeneo ya muziki wa sauti kubwa, na kuwataka waandaaji watoe kinga za masikio bure na kutenga sehemu au muda wa kupumzisha masikio. Mwaka 2022 WHO nayo ilitoa kiwango cha dunia kwa kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100, sauti ifuatiliwe kwa kipimo wakati wote, spika zipangwe vizuri, kuwe na eneo tulivu, wafanyakazi wafundishwe, na vizibo vipatikane pamoja na maelekezo ya kuvivaa.

Katika mpangilio huo vizibo si vya kwanza. Vinakuja pamoja na kupunguza sauti yenyewe. Mwajiri anayegawa sponji kisha akaongeza spika nyingine amehamishia mzigo wake kwenye masikio ya mfanyakazi. Spika ikiinuliwa juu ya vichwa vya watu, ikageuzwa isielekee kaunta, mashine ikapakwa grisi na kufungwa nati zinazogonga, zamu zikabadilishwa ili mtu mmoja asikae mbele ya spika usiku mzima, hatua hizo zinawakinga hata wasio na kizibo. Jirani naye atalala.

Hapo ndipo faini na kizibo vinapokutana. Afisa anayekuja usiku na kipimo chake kwa ajili ya jirani angeweza pia kukisimamisha pale kaunta na kumuuliza mwenye baa swali moja: wahudumu wako wana kinga gani? Swali hilo halihitaji bajeti mpya, ila linahitaji taasisi za mazingira na za usalama kazini kufanya kazi pamoja.

Wakati tukisubiri hilo, anza na lako. Nunua jozi mbili za aina tofauti, zijaribu nyumbani kwenye utulivu kabla ya siku ya kelele, uone ipi inakukaa. Ukiwa ukumbini, jitenge na spika na utoke nje kila baada ya muda kupumzisha masikio. Ikiwa mlio masikioni haujaisha baada ya siku moja, ikiwa sikio moja limepoteza usikivu ghafla, au ikiwa watu wa nyumbani wameanza kulalamika kwamba unaongeza sauti ya televisheni, nenda hospitali ukaonane na daktari wa masikio, pua na koo, upimwe usikivu. Upotevu wa ghafla ni dharura, usingoje wiki iishe, kwa kuwa matibabu yake hutegemea uwahi. Na kama unafanya kazi kwenye kelele, omba upimwe mara moja kila mwaka hata kama hujaona tatizo, kwa sababu mtu wa mwisho kujua kwamba hasikii vizuri huwa ni yeye mwenyewe.